Kamera Iko Mbali na Rekoda: Upitishe Waya Gani?

Kamera ya getini ndiyo inayoulizwa kwanza wezi wakishapita, na mara nyingi ndiyo iliyo mbali kuliko zote. Tuchukue kiwanja cha kawaida cha pembezoni mwa mji, Kibaha au Kitengela: rekoda iko stoo ya nyumba kubwa, geti liko mita 140 kutoka hapo, banda la kuku mita 260, na pampu ya maji iko bondeni, mita 600. Kamera nne za kuzunguka nyumba zinafanya kazi vizuri. Sasa zinatakiwa tatu zaidi, moja kila sehemu hiyo ya mbali.

Vinavyosafiri ni vitu viwili, picha na umeme, na kila kimoja kina ukomo wake. Kamera ya mtandao inayolishwa kwa PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao, inapata umeme wa takriban volti 48, hivyo umeme unafika mbali. Kinachokwama ni picha, kwa sababu Ethernet ya waya wa shaba imewekewa ukomo wa mita 100. Kamera ya koaksi (kebo yenye uzi mmoja katikati na wavu kuuzunguka) ni kinyume chake: picha ya 1080p inafika takriban mita 300 kwenye kebo nzuri, ila volti 12 za kuiwasha zinaanza kuchoka mita 60 tu. Ukishajua kipi kitakwama kwanza, nusu ya uamuzi umekwisha.

Pima njia, usipime kwa macho

Umbali unaohesabika ni wa waya: kupanda ukutani, kupita darini, kushuka, kuzunguka msingi, kufuata ukuta wa uzio, kupanda nguzo ya geti. Mita 85 za macho zinageuka 105 za waya bila mtu kushangaa. Pita njia nzima na futi kamba ya mita 50, andika kila kipande, kisha ongeza asilimia 10 pamoja na mita 3 za akiba kila ncha. Akiba hiyo si anasa. Konekta ikioza baada ya mwaka utakata sentimita 20 na kuweka nyingine. Asiye na akiba anaanza kuunga waya.

Hadi mita 90: Cat 6 ya shaba tupu

Chini ya mita 90 usijisumbue. Waya mmoja wa Cat 5e au Cat 6 (waya wa mtandao wenye jozi nne za nyuzi) kutoka swichi ya PoE, yaani kigawanyi cha mtandao kinacholisha kamera umeme, unatosha hadi kwenye kamera. Ukomo wa mita 100 umegawanywa hivi: mita 90 za waya mgumu uliolazwa na mita 10 za waya laini wa kuunganishia kwenye ncha zote mbili. Cat 6 haikupi umbali zaidi ya Cat 5e kwa kamera, ingawa wauzaji wengi watakuambia hivyo. Faida yake ni nyuzi nene kidogo, basi.

Tatizo kubwa la sokoni ni CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Boksi linaandikwa Cat 6, bei inavutia, na kwa mita 20 kamera inawaka. Ukinzani wake unazidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu, uzi wake unakatika ukikunjwa mara chache, na kwenye konekta unalegea baada ya miezi. Kukwaruza kwa kisu kunasaidia: weupe ukitokea chini ya rangi ya shaba, rudisha. Kipimo cha uhakika zaidi ni multimita. Chukua boksi zima la mita 305, sokota pamoja nyuzi mbili za jozi moja kwenye ncha ya ndani, kisha pima omu kwenye ncha ya nje. Cat 6 ya shaba yenye uzi wa namba 23 inasoma kama omu 40 hadi 45. Cat 5e ya namba 24 kama 50 na kidogo. Ukisoma 65 na kuendelea kwenye Cat 6, hiyo ni CCA hata boksi liseme nini. Kwa kipande cha mita 100 cha Cat 6 tarajia omu 13 au 14. Kwanza gusanisha ncha za multimita zenyewe, na kinachosomeka hapo ukitoe kwenye jibu.

Konekta: fuata mpangilio wa T568B ncha zote mbili, yaani nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuna mafundi wanaopanga rangi kwa mazoea yao wenyewe, wakiamini kwamba ncha mbili zikifanana inatosha. Taa zote nane za kipima waya zitawaka, maana nyuzi zimefika. Lakini namba 3 na 6 zisipokuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja, ishara za jozi tofauti zinaingiliana. Kwa mita 15 huoni kitu. Kwa mita 80 picha inakatika kila dakika, na fundi anabadilisha kamera wakati kosa liko kwenye rangi.

Getini, mita 140: ekstenda au tundu la Extend

Hapa kuna njia mbili za bei ndogo.

Ya kwanza ni ekstenda ya PoE, kidude chenye tundu la kuingia na la kutoka, kinachojilisha kutoka kwenye waya huohuo na kuianza upya hesabu ya mita 100. Kiweke kati ya mita 70 na 90, usikipeleke hadi mita 99. Chenyewe kinakula wati chache. Swichi ya PoE ya kawaida inatoa wati 15.4 kwa tundu, na kamera inahakikishiwa 12.95, ya aina kubwa zaidi inatoa 30 na kuhakikisha 25.5. Kamera ya kawaida ya umbo la risasi yenye taa za usiku inatumia wati 6 hadi 10, kwa hiyo ekstenda moja haina shida na mbili zinawezekana. Kamera inayozunguka ni habari nyingine: usiiweke nyuma ya ekstenda bila kusoma lebo ya wati zake.

Ubaya wa ekstenda ni mahali inapokaa. Katikati ya njia kwa kawaida hakuna nyumba, kwa hiyo inafungwa kwenye ukuta wa uzio au nguzo, juani na mvuani. Iingize kwenye sanduku lisilopitisha maji, waya ziingie na kutoka kwa chini, na matundu ya waya yazibwe vizuri. Mijusi na sisimizi wanapenda joto la kidude hicho kuliko unavyodhani, na ukanda wa pwani chumvi ya hewani inakula pini za dhahabu bandia ndani ya mwaka. Kama njiani kuna kibanda cha mlinzi chenye umeme, acha ekstenda. Weka swichi ndogo ya PoE kibandani. Ni imara zaidi, na inakupa matundu ya ziada.

Njia ya pili ni kitufe kidogo kwenye swichi nyingi za PoE za kamera, kilichoandikwa Extend au 250m. Kinachofanya ni kushusha kasi ya tundu hadi megabiti 10 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo ishara inavumilia umbali mrefu zaidi. Kwa kamera moja ya megapikseli 4 inayobana picha kwa H.265, megabiti 4 zinatosha na nafasi inabaki. Kwa kamera ya megapikseli 8 iliyowekwa megabiti 12 au 16, haitoshi. Fanya hivi: ingia kwenye mipangilio ya kamera, weka H.265, kikomo cha megabiti 4, fremu 15 kwa sekunde, ndipo uwashe kitufe. Ile 250 iliyoandikwa ni ya shaba nzuri isiyo na kiungo hata kimoja. Panga kazi yako kwa mita 180 au 200, na kwa CCA usijaribu kabisa.

Umeme wenyewe kwa umbali huu hauna neno. Mita 150 za Cat 6 ya shaba, PoE ikitumia nyuzi mbili kwenda na mbili kurudi, ni omu 10 tu. Kamera ya wati 8 kwenye volti 48 inavuta kama ampea 0.17, kwa hiyo inapoteza volti 1.7. Ndiyo maana kamera inaweza kuwaka taa zake zote huko getini na bado rekoda isipate picha.

Kwa geti la mita 140, njia moja kati ya hizi inatosha. Kama geti lina nyumba ya mlinzi yenye waya wake wa ethi (wa kwenda ardhini) uliotengwa na wa nyumba kubwa, ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya faiba, uzi wa kioo unaobeba picha kwa mwanga.

Kama rekoda yako ni DVR ya koaksi

Picha kwanza. Kebo ya koaksi ya RG59 yenye uzi wa shaba katikati na wavu mzito wa shaba inabeba 1080p takriban mita 300, na megapikseli 5 takriban 200. Usitumie kebo ya dishi la televisheni iliyobaki: uzi wake wa katikati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba na wavu wake ni alumini nyepesi. Kwa ishara ya dishi inafaa, kwa kamera inapoteza nguvu, na picha inakuja na vivuli au bila rangi. Baluni za video, vidude vinavyopitisha picha ya koaksi kwenye waya wa mtandao, kwenye jozi moja ya Cat 5e au Cat 6 nazo zinafanya kazi, kama mita 200 kwa 1080p, mradi jozi ibaki imesokotwa hadi kwenye skrubu.

Sasa umeme, ambako kazi nyingi zinaharibika. Kamera ya volti 12 inavuta ampea 0.2 mchana na 0.5 au zaidi taa za usiku zikiwaka. Kwa mita 100, kwenda na kurudi, hesabu inakuja hivi kwa ampea 0.5:

Waya wa 0.75 mm²: omu 4.6, zinapotea volti 2.3, inafika 9.7.
Waya wa 1.5 mm²: omu 2.3, zinapotea volti 1.15, inafika 10.85.
Waya wa 2.5 mm²: omu 1.4, zinapotea volti 0.7, inafika 11.3.
Jozi tatu za Cat 5e, nyuzi tatu chanya na tatu hasi: omu 5.6, zinapotea volti 2.8, inafika 9.2.

Kamera nyingi zinataka zisipungue volti 10.8. Kwa hiyo anayetumia jozi zilizobaki za Cat 5e atapata picha safi mchana kutwa, na giza likiingia kamera itazima, itawaka, itazima. Anayepima volti saa nane mchana hataona kosa lolote. Pima kamera ikiwa imewashwa, na huku umefunika kioo chake kwa kiganja ili taa za usiku ziwake. Hapo multimita itasema kweli.

Dawa si kuongeza adapta ya ampea nyingi. Adapta ya ampea 5 haisukumi umeme zaidi kwenye waya mwembamba. Na adapta ya volti 15 itafika na 12 usiku lakini itakuwa 14 mchana kamera isipovuta, na kamera inaungua polepole. Njia sahihi ni kutuma volti 24 kutoka nyumbani na kuweka kishusha volti cha 24 kwenda 12, cha ampea 2, kwenye sanduku lililo karibu na kamera. Wati 6 kwenye volti 24 ni ampea 0.25 hadi 0.3, kwa hiyo hata mita 200 za Cat 5e zinafikisha kama volti 20, na kishusha volti kinatoa 12 kamili. Au chukua umeme palepale kamera ilipo na utume picha peke yake.

Banda la kuku na pampu: faiba

Kuanzia mita 200, na wakati wowote waya unapotoka jengo moja kuingia jengo jingine lenye umeme wake, faiba ndiyo jibu. Sababu si umbali tu. Majengo mawili yenye ethi tofauti hayana usawa wa umeme ardhini, na radi ikipiga karibu, tofauti hiyo inapanda kwa maelfu ya volti na kutafuta njia. Cat 6 inakuwa njia. Inaua tundu la kamera, swichi, kisha rekoda, na wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kioo hakipitishi umeme. Watu wanaiogopa faiba kama kitu cha kampuni za simu, lakini waya wake mwembamba wa kuingizia nyumbani kwa kawaida ni nafuu kwa mita kuliko Cat 6 nzuri ya nje. Gharama iko kwenye ncha.

Kwa banda la mita 260 andaa:

Faiba ya singo modi (aina ya masafa marefu) yenye nyuzi 2, mita 300. Moja ni ya kazi, ya pili ni akiba.
Midia konvata (vigeuzi vya Ethernet kwenda faiba) jozi moja za gigabiti 1, A na B.
Boksi ndogo 2 za kumalizia faiba, na vipande 4 vya pigteili za SC/UPC, yaani faiba fupi zenye konekta ncha moja.
Swichi ya PoE ya matundu 4, jumla ya wati 60.
Sanduku la nje la sentimita 30 kwa 40.
Nguzo 5 au 6 na klampu zake kama unapita hewani, kwa nafasi ya mita 40 hadi 50.

Midia konvata za uzi mmoja zinauzwa kwa jozi kwa sababu moja inatuma kwa mawimbi ya nanomita 1310 na kupokea 1550, na nyingine kinyume. A na A haziongei kamwe. Pia usichanganye ya megabiti 100 na ya gigabiti. Taa ya faiba itabaki imezimika na utadhani uzi umekatika. Singo modi inachukuliwa hata kwa mita 260 kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani, Kariakoo na Luthuli Avenue vilevile, na kesho ukitaka kufika pampu ya mita 600 kifaa ni kilekile. Zilizoandikwa kilomita 20 zinafaa. Hakuna haja ya zaidi, na za kilomita 80 zinaweza kupofusha upande wa pili.

Konekta zina rangi, na rangi ina maana. Bluu ni UPC, kijani ni APC iliyokatwa kwa mshazari. Zinaingiana kwa umbo, ila zikikutana zinaacha pengo na mwanga mwingi unapotea. Midia konvata za kamera kwa kawaida ni bluu, waya zilizobaki kwa fundi wa intaneti ya nyumbani kwa kawaida ni kijani.

Kumalizia ncha kuna njia tatu. Kununua waya uliokwishafungwa konekta kiwandani ni salama zaidi kama bomba lina nafasi ya kupitisha kichwa chake. Konekta za kubana kwa mkono zinahitaji kisu cha kukatia faiba, na zikifungwa ovyo zinapoteza mwanga baada ya muda. Iliyo bora ni kumwita fundi wa faiba mwenye mashine ya kuyeyusha. Ncha nne ni kazi ya saa moja, na kwa kuwa nauli yake haibadiliki, malizia nyuzi zote mbili siku hiyohiyo. Mwambie apime kwa mita ya mwanga. Kwa mita 300, faiba yenyewe inapoteza kama desibeli 0.1, viungo viwili 0.2, konekta mbili chini ya 1. Jumla ikizidi 3, kuna uchafu au mkunjo mkali. Futa ncha kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi na spiriti safi kabla ya kulaumu kitu kingine. Ziada yote izungushwe kwa duara lisilo dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Na usichungulie ndani ya ncha: mwanga wa kazi hauonekani kwa macho lakini unaingia jichoni.

Waya wa hewani wa faiba una uzi wa chuma wa kujibebea pembeni. Chuma hicho kivutwe na kufungwa kwenye ndoano ya ukuta, kisha kikatwe hapohapo nje. Ndani iingie sehemu ya faiba peke yake. Vijiti viwili vya ndani vinavyoulinda uzi visiwe vya chuma pia, agiza vya FRP (plastiki yenye nyuzi za kioo). Ukiingiza chuma hadi kwenye kabati la rekoda umerudisha njia ya radi uliyolipia kuiondoa. Usifunge kwenye mti, uwe mwembe au mkorosho: msimu wa upepo mti unavuta, klampu haivutiki.

Umeme wa upande wa pili

Faiba haibebi PoE, kwa hiyo banda na pampu lazima viwe na umeme wao. Kwenye geti na mabanda umeme upo mara nyingi, lakini fuatilia unatoka wapi. Laini ya taa za nje inawashwa na swichi ya ukutani au na jicho la jua. Fundi anaunga swichi ya PoE kwenye laini hiyo usiku, kila kitu kinawaka, na saa 12 asubuhi kamera zote za nje zinazimika. Vuta laini ya kudumu.

Rekoda ikiwa na UPS (betri ya akiba) na banda halina, umeme ukikatika utarekodi giza la upande mmoja. UPS ndogo kwa midia konvata, swichi na kamera mbili ni mzigo wa kama wati 25. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukiondoa hasara unapata saa mbili hivi. Pima mahitaji yako na mgao wa mtaa wenu.

Bondeni kwenye pampu, kama umeme haufiki, sola inatosha. Kamera ya wati 8 na midia konvata ya wati 3, pamoja na hasara, ni kama wati 12 mfululizo, yaani wati-saa 288 kwa siku. Paneli ya wati 150 na betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 50, inakuvusha siku mbili za mawingu. Acha PoE hapo; lisha kamera volti 12 moja kwa moja kutoka kwa kidhibiti cha sola kwa waya wa mita 2, na midia konvata kwa kishusha cha volti 5. Angalia lebo ya kamera kwanza, maana betri ya lithiamu ikijaa inafika volti 14 na zaidi. Kama kamera haivumilii, weka kirekebishi cha 12.

Kama katikati kuna barabara ya umma au kiwanja cha jirani, hakuna waya utakaoruhusiwa kirahisi. Antena mbili za gigahezi 5 zinazotazamana bila mti katikati zitafanya kazi hiyo. Lakini pale unapoweza kuchimba, chimba.

Kuchimba

Mfereji wa sentimita 45 hadi 60. Magari yakipita juu, 60 kamili. Bomba jeusi la maji la HDPE la milimita 25 au 32 ni zuri kuliko PVC kwa umbali mrefu, kwa sababu linakuja kwa roli ndefu na lina viungo vichache vya kuingiza maji na mizizi. Pitisha kamba ya nailoni ndani wakati wa kulaza, na uiache nyingine wakati wa kuvuta waya. Atakayeongeza kamera mwakani atakushukuru. Weka chemba kila mita 30 na kila kona. Cat 6 isivutwe kwa nguvu zaidi ya kilo 11, kiasi cha mtu mmoja kuvuta bila kuegemea nyuma. Ikikaza, rudi kwenye chemba iliyotangulia na upake sabuni ya maji au kilainishi cha waya. Tumia waya wa nje mweusi wenye jeli ndani, kwani bomba la ardhini litaingia maji tu, hata uzibe vipi.

Umeme wa volti 230 usilale bomba moja na waya wa kamera. Ukienda nao sambamba acha sentimita 30. Vikikutana, vikatizane kwa pembe mraba.

Kwa shaba yoyote inayotoka nje ya jengo weka kizuia radi kila ncha, na ethi yake iwe waya mfupi wa 4 mm² au 6 mm² hadi kwenye fimbo. Kizuia radi kisicho na ethi ni pambo. Kebo yenye ngao ya chuma iungwe ethi upande wa rekoda peke yake.

Kuiingiza kwenye rekoda

NVR (rekoda za kamera za mtandao) nyingi zenye matundu ya PoE nyuma zinayaweka matundu hayo kwenye mtandao wake wa ndani, wenye namba tofauti na za ruta. Kamera inayokuja kwa faiba itapitia swichi au ruta, hivyo NVR haitaiona yenyewe. Fuata mpangilio huu, kabla hujapanda ngazi:

1. Unganisha kamera kwa waya mfupi kwenye swichi ya nyumbani. Iwashe kwa programu ya mtengenezaji na uweke nywila yako.
2. Ipe IP ya kudumu katika mtandao wa ruta, kwa mfano 192.168.1.71, nje ya namba ambazo ruta inazigawa yenyewe. Andika namba hiyo kwenye mwili wa kamera kwa kalamu isiyofutika.
3. Kwenye NVR chagua nafasi tupu, badilisha kutoka ya kujitambua kwenda ya kuandika kwa mkono, weka IP, jina na nywila. Kampuni zikiwa tofauti, tumia ONVIF (lugha ya pamoja ya kamera za kampuni tofauti) na uhakikishe imewashwa kwenye kamera.
4. Sasa weka waya wenyewe wote, ukiwa bado kwenye roli sakafuni, katikati ya kamera na swichi. Funika kioo taa za usiku ziwake, uiache saa moja.
5. Kutoka kwenye kompyuta ya Windows andika ping 192.168.1.71 -l 1400 -t na uangalie majibu mia kadhaa. Hata moja isipotee. Ikipotea sakafuni, ardhini haitapona.

Baadaye kamera ikianza kusumbua, angalia wakati inaposumbua. Usiku tu: umeme haufiki. Mvua tu: maji yameingia kwenye konekta, na mara nyingi ni ile ya mkia wa kamera iliyofungwa kwa utepe badala ya kofia yake ya mpira. Muda wote, kwa kukatika dakika moja moja: rangi za konekta au umbali umezidi. Kamera zote za upande mmoja kwa pamoja: anza na adapta ya midia konvata kabla ya faiba, adapta ndogo za volti 5 hufa mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye njia nzima, kwa hiyo weka moja ya akiba ndani ya sanduku lilelile.